Shule Inayojaa Mvua Ikinyesha

Mmbone, mama yangu,

Niko mezani darasani, na wewe uko nyuma ya ukuta huu wa mbao, chumbani kwetu, unafunga sanduku lako pamoja na Tabitha. Nimekuita mara mbili, hukusikia. Mvua imerudi, na unayajua mabati yetu: yakianza kusema, binadamu hunyamaza. Basi nimechukua kalamu. Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia, maana najua huwezi kuondoka asubuhi bila kukivaa.

Nakuita mama kama siku zote. Nilikupa jina la mama aliyenizaa, na kwetu mtoto aliyebeba jina la bibi yake huitwa mama hata na baba yake. Kwa hiyo tangu ukiwa mchanga nimekuwa nikikuamuru kidogo na kukutii kidogo. Leo naandika kama mtoto anayemwandikia mama yake, kwa sababu nimekwama, na sina mtu mwingine wa kumwambia hivyo.

Sitakuambia ufue nguo zako Jumamosi, wala usimwachie mtu sanduku pale stesheni ya Nakuru. Hayo Tabitha amekwisha kukuambia, na nilivyokuona ukitikisa kichwa, naona mengine umemwambia wewe.

Kwanza nikuombe radhi kwa jambo moja. Nina furaha. Ni aibu kuliandika neno hilo wiki kama hii, mambo yetu yanapoporomoka kama ukingo wa mto, lakini nikilificha utaliona usoni pangu. Nikisikia miguu ya Tabitha ikipita matopeni huko nje, moyo wangu unaruka kama wa kijana wa Form Two. Nimeoa juzi tu. Harufu ya ile suti niliyoazima haijanitoka puani. Mikono yake ina rangi ya manjano mpaka kwenye vifundo, vumbi lile la maua ya pareto lisilotoka kwa sabuni, na mimi naliona kama bangili. Jana alicheka akafunika mdomo kwa kiganja, nikasahau nilichokuwa nasema mbele ya darasa zima. Watoto walinicheka. Nikacheka nao, mwanamume mzima mwenye mvi, kwa sababu asubuhi hiyo mashamba yote kuanzia hapa mpaka msituni yalikuwa meupe kwa maua, kama mtu aliyeanika mashuka ya harusi, nami nikaona kama yameanikwa kwa ajili yangu.

Wewe humwiti mama, na humwiti Tabitha. Unamwita "wewe". Nimesikia, na sikulaumu. Kwa umri angefaa kuwa dada yako mkubwa, na marehemu mama yako Rasoa bado yuko machoni pako. Sikuandiki ili umpende. Ila utanisikia nikimtaja mara kwa mara humu ndani, na ujue ni kwa sababu siwezi kujizuia.

Sasa nikueleze jinsi nilivyoharibu paa.

Watu hupenda kusema kwamba mimi ndiye niliyeanzisha shule hii. Si kweli. Nilikuja hapa Mau Narok kuwa karani wa mizani, baada ya babu yako kuumia kwenye reli Nakuru na karo yangu ya sekondari kukatika. Kazi yangu ilikuwa kupima vikapu vya pareto vya wachumaji, basi. Wao ndio walionijia. Aliyetangulia ni Mama Njoki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuwatosha watu wawili. Aliweka kikapu chake kwenye mizani akaniangalia.

"Karani, wewe unasoma mpaka Kizungu. Watoto wetu wanasoma maua tu. Unaona ni sawa?"

Nikamwambia hiyo si kazi yangu.

"Ni ya nani basi? Ya hiyo mizani?"

Foleni nzima ikacheka. Jumamosi ile ile nilianza kufundisha chini ya mkokoteni wa trekta, na baada ya mwaka mmoja wachumaji wakamwendea bwana wa shamba wenyewe, kofia mkononi, wakaomba kiwanja. Akawapa hiki tulichopo, kando ya kikaushio cha maua.

Walitaka kuezeka nyasi. Nyasi ziko tele huku juu, na akina mama walikwisha kunoa miundu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikaa miaka miwili chini ya paa la mabati kule sekondari, na nilidhani elimu huishi humo. Nilisimama mbele yao nikasema, "Shule ya nyasi ni zizi lenye ubao." Maneno matamu, sivyo? Niliyafurahia wiki nzima. Basi kila nyumba ikajinyima, ikaleta bati moja, na kila mtu akakwaruza alama yake kwa msumari ili wajukuu waje waione. Siku ya kupigilia waliimba mpaka nyapara akaja kuuliza nani amekufa. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, umelala.

Hakuna aliyewaza jambo ambalo hata mtoto angeliwaza. Pareto haichumwi ikiwa na maji. Ua lililolowa huvunda kikapuni. Jua likiwaka, kila mkono wa shamba uko kwenye mistari ya maua, hata wa mtoto wa miaka sita, kwa kuwa kikapu cha mama peke yake hakishibishi nyumba. Mvua ikinyesha, mistari hufungwa, na watoto huja shuleni mbio, magunia kichwani, wakipiga kelele kama siku ya sikukuu. Shule yetu hujaa mvua ikinyesha. Na mvua ikinyesha, chini ya mabati yale niliyoyapigania, mwalimu hasikiki hata na aliyekaa mbele ya pua yake. Nilijenga ngoma, mama, nikawaingiza watoto ndani yake, nikawaambia wasikilize.

Nimewahi kupiga magoti kanisani nikiomba mvua, na kando yangu kwenye benchi lile lile Mzee Kibet akiomba jua. Siku ya mvua hakuna mizani, na bila mizani hakuna unga. Tulifungua macho kwa pamoja, tukatazamana, kila mtu anajua mwenzake ameomba nini. "Mwalimu," akaniambia tukitoka, "Mungu atatuchoka sisi wawili."

Kama kuna kitu nimekipata kwa uchungu huo ni hiki tu: kabla hujachagua kitu kwa sababu kinang'aa ukikitazama kutoka barabarani, uliza kitakuwaje siku ile watu watakapokuwa wamekaa chini yake. Mimi sikuuliza.

Aliyetuokoa ni wewe. Ulikuwa umeanza tu kurefuka, na mama yako ameshatutoka. Sauti yangu ilikuwa imekauka. Nilikuwa nafungua mdomo inatoka pumzi. Ukaacha dawati lako, ukasimama mbele ya wadogo, ukawaonyesha midomo yako. A. E. I. Ukawafanya waitazame, kisha waifanye. Vidole vikawa hesabu. Kupiga paja maana yake rudia. Kushika sikio maana yake umekosea, na kila mtoto aliyeshikiwa sikio alicheka badala ya kulia. Watoto wa shule nyingine huimba alfabeti. Wetu huisoma kwenye uso wa mtu. Wazee waligundua baadaye kwamba hawawezi tena kunong'onezana kanisani, maana watoto wa benchi la nyuma wanajua kila kitu.

Na mimi nikafanya nini? Nikakupa chaki. Nikahamia upande mwingine na madarasa makubwa, nikakuachia wadogo mwaka baada ya mwaka, kila likizo na kila mvua, hata uliporudi umechoka kutoka bweni la Njoro. Nikajivuna mbele za watu: tazameni binti yangu. Nikaita hiyo malezi. Sikukuuliza hata mara moja kama unapenda.

Uliona pia ule mwaka wa malori. Ulikuwa mdogo lakini najua unakumbuka, kwa sababu hutaki kuuzungumzia. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ilipofika huku, Wakikuyu wote wa shamba letu waliambiwa wapande, na mablanketi yao na sufuria zao, wapelekwe kwenye maeneo yao ambayo wengi wao hawakuwahi kuyaona. Nusu ya madawati yangu yalipanda malori yale. Nilisimama pale kama kigingi. Mama Njoki alikuwa juu tayari, askari anamsukuma akae. Aliniona, na kwa ile sauti yake ya watu wawili akapiga ukelele: "Mwalimu! Bati langu lisiende kwa kuku!"

Nilitikisa kichwa tu, nikidhani ataelewa kuwa ni ndiyo. Miaka imepita na bado sijui kama alielewa. Alama yake iko juu ya dawati la tatu: duara lenye mguu mmoja. Wamekuja watu wengine kushika mistari yao, Wakipsigis, Wakisii, watu wetu kutoka magharibi, na watoto wao wanakaa chini ya mabati ya watu walioondoka. Ndiyo maana siwezi kuiona shule hii kama nyumba yangu, nikachoka nikaifunga. Nimewekeshwa amana tu.

Chini ya mabati hayo hayo ndipo nilipompata Tabitha, na hapa utavumilia kidogo. Aliwaleta wadogo zake siku moja ya mvua kubwa, akabaki mlangoni, kanga imemganda mabegani. Nilimwambia aingie, hakusikia. Akasema kitu, sikusikia. Tukasimama hivyo, tunafunguliana midomo kama samaki, na watoto wote wanatutazama na wanasoma kila neno, washenzi wale! Nikachukua kibao cha mtoto nikaandika: Jina lako nani? Akakisoma polepole, akafuta kwa kiganja, akaandika: Tapitha. Kwa P, jinsi wao Wakipsigis wanavyolitamka kwao. Mmbone, nimesahihisha herufi za watu maisha yangu yote, na ile P sikuigusa. Nilikichukua kibao kile nikaenda nacho nyumbani, na mwenye kibao akaandikia vumbini juma zima. Alikuja kila mvua iliponyesha. Kwa muda mrefu tulipendana bila mmoja wetu kuijua sauti ya mwenzake vizuri, na siku ya kwanza tulipokutana juani, njia ya kisimani, wote wawili tulishikwa na aibu tukasalimiana kama wageni. Huo ndio ujinga wa baba yako. Ningeweza kuandika kurasa kumi juu yake.

Lakini lazima nifike kwa Bwana Elimu, yule mzungu mkaguzi wa shule.

Unajua alivyokuja mara ya kwanza, siku ya jua kali, gari lake limejaa vumbi. Alikuta watoto saba. Watatu walikuwa wagonjwa.

"Iko wapi watoto?" akauliza.

"Wako pareto, bwana."

"Watarudi saa ngapi?"

"Mvua ikinyesha, bwana."

Aliniangalia kama mtu aliyechezewa, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Hii hapana shule ya watu. Hii ni shule ya vyura!" Dereva wake alicheka pia, kwa sababu ni kazi yake. Tangu siku hiyo nyapara hunisalimu hivyo: "Habari ya vyura, Mwalimu?"

Nikamsihi arudi siku ya mvua, na kwa haki yake lazima niseme, alirudi. Wewe ulikuwepo. Ulisimama mbele ya wadogo na mimi mbele ya wakubwa, na shule imejaa mpaka wengine wamekaa dirishani. Akauliza swali kwa sauti kubwa, hakuna aliyesikia. Akauliza tena, akawa mwekundu. Ndipo yule mdogo wa Tabitha, aliyekuwa ameutazama mdomo wake, akainua vidole vinane. Ilikuwa nne mara mbili. Bwana Elimu alikaa mpaka mvua ikaisha, koti limelowa, hakucheka tena.

Mvua ilipokatika akanivuta kando. Akasema ameona. Akasema pia kwamba sheria haina macho: madarasa manne hayashikwi na mwalimu mmoja. Nipate wa pili mwenye cheti cha darasa la nane kabla ya kufungua mwaka mpya, na shule itaandikwa na kupata msaada. Nisipompata, itafungwa, na bwana wa shamba ameshauliza kama jengo litafaa kuwekea pareto kavu. "Huyu msichana," akasema, akakuonyesha kwa kidole, "iko na cheti?"

"Anacho," nikasema, na moyo wangu ukaruka.

Nimetafuta wengine pia, usidhani sikutafuta. Nimekwenda Njoro, nimeshuka Nakuru, nimeuliza kanisa kwa kanisa mpaka Lanet. Kijana mmoja alikubali, akauliza mshahara, nikamwambia ni viazi na shukrani mpaka msaada uje. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa heshima sana.

Jioni ile Bwana Elimu alipoondoka nilikukuta unachimba viazi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Hukunipa nafasi.

"Baba, nimejibiwa na ile hospitali ya misheni. Wananichukua uuguzi."

Nikakuuliza, kijinga, kama mwalimu: "Uuguzi una nini ambacho ualimu hauna?"

Ukaweka jembe chini. "Hospitalini watu huongea polepole, baba. Nimechoka kupiga kelele. Nataka mahali ambapo mtu akinung'unika kidogo, mimi namsikia."

Uliinama ukaendelea na viazi vyako, nami nikaokota vile ulivyoviacha ili niwe na kitu cha kufanya kwa mikono.

Sasa nafika pale ninapotaka kuruka, na siruki. Jumapili baada ya kanisa wazazi walinijia. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga marafiki zako. Walikaa nje ya mlango huu, akina mama upande mmoja, wanaume upande mwingine, na Mzee Kibet, baba yake Tabitha, ndiye aliyepewa neno.

"Mkwe wangu," akaanza, na alivyosema mkwe nilijua nimekwisha. "Sisi hatukuja kugombana. Tumesikia ile mambo ya mzungu. Tumesikia pia kwamba dawa iko hapa nyumbani kwako, inakula ugali yako kila siku."

"Mzee, msichana amepata nafasi yake."

"Nafasi itangoja mwaka moja. Mtoto wangu mdogo hatangoja. Mwaka kesho kama hakuna shule, yeye anaingia mistari, na akiingia mistari ametoka shule kabisa. Wewe unajua. Umepima vikapu yao."

Mama mmoja akasema nyuma, "Mwambie ile nyingine."

Mzee akasita, akasugua goti. "Mkwe, wewe ulikuja kwangu ukataka msichana. Nilikupa. Nilikupa kwa roho safi, na ninyi mmefurahi mpaka watu wote wanawacheka. Sasa sisi tumekuja kwako kutaka msichana. Si ya kuoa. Ya kusimama hapo mbele tu. Utatunyima?"

Nilitazama juu, mama. Nikaziona zile alama za misumari kwenye ukingo wa paa. Nikamwona Tabitha mlangoni, ameshika sinia la chai, amesimama. Nikasema, "Atabaki."

Walishangilia. Mama mmoja alilia. Nilipewa mikono na kila mtu, na kila mkono ulikuwa wa manjano.

Nilikuwa nikuambie usiku huo huo. Nikasema kesho. Kesho yake nilikukuta umeosha lile sanduku la babu yako na kulianika, nikasema kesho tena. Kila siku ulikuwa unakunja nguo moja zaidi, na kila siku nilikuwa na neno "atabaki" mdomoni kama jiwe. Nilitumaini utalisikia kwa watu. Hakuna aliyekuambia, walidhani unajua, na wanaona ajabu jinsi unavyowasalimu kwa uchangamfu.

Tabitha alivumilia mpaka jana. Tulikuwa tunarudi na kuni. Akautua mzigo wake katikati ya njia akaukalia.

"Umemwambia mtoto?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Mwache aende."

Nikamwambia kuhusu baba yake, kuhusu wadogo zake, kuhusu shule. Nilisema mengi. Yeye alikuwa anachuna magome ya kuni.

"Mimi nilikuwa na akili, unajua?" akasema. "Mwaka ule baba aliniambia, Tapitha, shika mistari mwaka moja tu, halafu utarudi kusoma. Mwaka moja tu. Sasa tazama." Akanionyesha mikono yake, ile mikono ninayoiandikia mashairi moyoni. Sikuwahi kuiona hivyo. "Na ukimfunga Mmbone, watu hawatasema ni wewe. Watasema ni yule mama wa kambo aliyekuja na kabila lake wakala njia ya mtoto. Mimi nitakaa nyumba gani na jina hilo?"

"Na baba yako?"

"Baba ni wangu, nitalia naye. Lakini neno ni lako. Ulilisema wewe, ukalirudishe wewe."

Nimempenda hapo kuliko siku ya harusi, na nimeogopa hapo kuliko siku ya malori.

Kwa hiyo sasa unajua. Sijui shule itakuwaje. Nimejaribu kuandika hapa maneno ya kukutuliza, nimeyakata, unayaona yalivyokatwa. Huenda mwaka ukifunguka watajaza pareto kavu humu ndani mpaka juu, na mtoto yule wa vidole vinane atakuwa mistarini, na siku moja Mama Njoki atarudi kuuliza. Sina dawa. Lakini usiibebe kwenye sanduku lako. Hukutoa ahadi yoyote. Ahadi niliitoa mimi, na niliitoa kwa kitu kisichokuwa changu.

Lori la maziwa litafika mapema, na Tabitha ndiye atakayekupandisha. Ameomba mwenyewe. Muite jina lolote utakalopenda.

Mimi hutanikuta nyumbani. Wazazi walisema watakuja alfajiri, wote, na maziwa na nyimbo, kumshukuru mwalimu wao mpya. Wakikukuta barabarani na sanduku, watakuzunguka, watakushika nguo, na wewe una moyo laini, utashuka. Na mimi nikiwa pale nikaona nyuso zao, na uso wako, sijiamini. Nitakuomba ubaki. Nakuambia kweli, mama, nitapiga magoti nikuombe. Kwa hiyo nitatangulia. Nitaondoka kungali giza niende boma la Mzee Kibet, wanakokusanyika, kabla hawajatoka, niwaambie kwamba niliwadanganya, na nitakaa nao mpaka watakapomaliza kunisema.

Hiyo ndiyo sababu ya barua. Si mvua.

Lori litapita hapo chini ya boma. Ukiona watu wengi wamesimama uani, na mtu mmoja ameketi chini katikati yao hana kofia, huyo ni mimi. Nitalisikia lori, lakini sitageuka. Na wewe usimwambie dereva asimame.

Baba yako